Herufi O Mbele ya Majina Yetu

Kila mwaka, wakati wa kujaza fomu za mtihani unapofika, wanafunzi huambiwa waandike majina yao kwa uangalifu, kwa maana jina liandikwalo siku hiyo ndilo litakalochapwa katika hati, na hati hukaa na mtu mpaka uzeeni. Ni shauri jema. Lakini nimeona ya kuwa wakati huo huo ndipo wenzetu wengi huanza kuyachezea majina yao, na zaidi ya yote huichezea ile herufi moja ya mbele, yaani O. Kwa kuwa katika sehemu hizi za Tororo, na mpaka kaskazini ya Uganda, majina yaanzayo kwa O ni mengi kama mchanga, nimeona yafaa niseme neno juu yake. Nalisema kwa Kiswahili ili na wale wasiojua lugha zetu za Kiluo wapate kusoma na kutuhukumu.

Michezo yenyewe ni mitatu. Wa kwanza huikata. Aliyeitwa Okello na baba yake hujiandika Kello, akidhani kuwa amelipunguzia jina uzito. Wa pili huiacha O mahali pake, bali huitia kialama kidogo cha juu, kama kile tukitiacho katika neno ng'ombe, kisha huongeza herufi kubwa ya pili: O'Kello, O'Thieno. Jina hilo hupakwa rangi kwenye sanduku la chuma, na huandikwa mgongoni mwa jezi ya mpira, na mwenyewe hutembea kama mtu aliyeshuka jana kutoka ng'ambo. Wa tatu hulitupa jina lote la nyumbani, akashika majina mawili ya kigeni. Leo ataitwa Brian Kevin, na babu yake akija kumwulizia langoni, hakuna ajuaye mzee huyo anamtafuta nani.

Maoni yangu ni haya. Herufi hiyo ina kazi, wala si kazi ndogo. Asiyeijua kazi yake asiikate, wala asiitie pambo, wala asiitupe. Tena, wale watu ambao baadhi yetu huwaiga walikwisha kupoteza O yao wenyewe, nao wakahangaika miaka mingi kuirudisha. Na nieleze moja moja.

Kwanza maana yake. Wengi husema kuwa O maana yake ni "mwana wa". Sivyo. Kwa Kijaluo mwana wa kiume ni wuod, na binti ni nyar. Mtu akitaka kusema mwana wa Okello atasema wuod Okello. Binti wa Okello ni nyar Okello. O haisemi baba ni nani. O husema kuwa huyu ni mtu, tena mwanamume, na sehemu ifuatayo husema alizaliwa lini, au alizaliwaje, au nchi ilikuwa katika hali gani siku ile.

Tazama mifano. Koth ni mvua. Mvulana aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Okoth. Chieng' ni jua. Aliyezaliwa jua likiwa juu ni Ochieng. Yoo ni njia. Ambaye mama yake alishikwa na uchungu safarini akajifungua kabla ya kufika ni Oyoo. Kech ni njaa. Aliyezaliwa wakati wa njaa ni Okech. Keyo ni kuvuna. Aliyezaliwa watu wakiwa shambani kuvuna ni Okeyo. Mapacha nao wana majina yao: wa kwanza ni Opio, au Opiyo kama wasemavyo Wajaluo wa Kenya, maana alifanya haraka kutoka, wa pili ni Odongo, maana alibaki nyuma, na mtoto azaliwaye baada ya mapacha ni Okello.

Sasa ondoa O uone kinachobaki. Okoth amekuwa mvua. Oyoo amekuwa njia ya kukanyagwa na kila apitaye. Okech ndiye mwenye hasara kubwa kuliko wote, kwa maana amejiita Njaa, naye atakwenda kuomba kazi kwa jina hilo. Odongo, kwetu sisi tusomao Kiswahili, amebaki dongo. O ndiyo iliyomtoa mtu katika vitu. Wasemao Kiswahili hawana haja ya kuambiwa jambo hili mara mbili, maana nao wanayo herufi ifanyayo kazi kama hiyo: toa M katika neno mtu, kinachobaki ni tu.

Nisiseme zaidi ya kweli. Yako majina mengine ambayo O imo ndani ya neno tangu mwanzo. Kwa Kijaluo usiku ni otieno, jioni ni odhiambo, na asubuhi ni okinyi. Mvulana aliyezaliwa usiku hupewa neno lile lile kama lilivyo, akaitwa Otieno. Hapo msichana ndiye abadilishiwaye mwanzo, akawa Atieno. Lakini hata katika majina ya namna hii, ukiikata O umeliharibu neno lenyewe: tieno peke yake si usiku wala si mtu.

Herufi ya dada zetu basi ni A. Okoth ana dada yake Akoth, Ochieng ana Achieng, Odhiambo ana Adhiambo, Opio ana Apio, Okello ana Akello. Ouma ni mvulana aliyezaliwa kifudifudi. Msichana aliyezaliwa hivyo ni Auma. Mtu akisikia jina tu, kabla hajamwona mwenyewe, amekwisha jua kama atamkaribisha bwana au bibi. Hata hivyo kanuni hii nayo ina watu wasioingia ndani yake. Adhola, ambaye mapokeo ya wazee yanasema ndiye aliyewaongoza Wapadhola mpaka nchi waliyo nayo sasa, alikuwa mwanamume. Awich, Rwot wa Payira katika nchi ya Acholi, aliyeshindana na serikali ya Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa mwanamume pia, tena mwanamume kweli kweli. Kwa hiyo mtu asiye mwenyeji asikimbilie kuandika "Bibi" kila aonapo A. Kwanza na aulize.

Wala desturi hii si ya Waluo peke yao. Majirani zetu Iteso, ambao lugha yao ni ya jamii nyingine, wana Omoding na Amoding. Kwa Wabukusu wa Kenya, Wafula ni mvulana wa mvua na Nafula ni msichana wa mvua. Wanjala na Nanjala ni watoto wa wakati wa njaa. Baganda humwita pacha wa pili Kato akiwa mvulana, na Nakato akiwa msichana. Basi Okoth na Wafula ni jina moja lililovaa kanzu mbili. Mvua ni ile ile, furaha ya mama ni ile ile, na herufi ya mbele ndiyo ituambiayo mtoto amezaliwa katika nyumba ya lugha gani. Hili silioni kuwa jambo la kugombania. Naliona kuwa jambo la kusalimiana.

Kiko kineno kingine kidogo ambacho watu hukichanganya na O, nacho ni pa. Maana yake ni "ya" au "wa" katika kuonyesha mwenyewe. Padhola ni pa Adhola, yaani pa yule mzee niliyemtaja. Mshairi mashuhuri wa Uganda, Okot p'Bitek, aliyezaliwa Gulu mwaka 1931 akafariki mwaka 1982, yule aliyeandika Song of Lawino iliyotoka mwaka 1966, aliandika jina lake kwa p na kialama cha juu. Mtu akiliona hudhani ni pambo la Kizungu. La, sivyo. Ni pa Bitek, wa Bitek, na kile kialama kinashika mahali pa ile a iliyomezwa. Kialama hicho kimeajiriwa, kina kazi yake. Lakini katika O'Kello hakuna kilichomezwa. Kialama kimesimama pale kama askari mlangoni pa nyumba isiyo na kitu.

Kimetoka wapi basi? Kimetoka Ayalandi, na wengi katika shule za misioni walikiona kwanza katika majina ya mapadre. Mapadre wa Mill Hill walifika Uganda mwaka 1895, na kwa miaka mingi walikuwamo Waayalandi miongoni mwao. Mtu akiona O mbele ya jina la padre na O mbele ya jina lake mwenyewe, hushikwa na tamaa ya kuzifanya ndugu. Lakini herufi hizi mbili hazina undugu wa damu. Zimefanana sura tu, kama watu wawili wakutanao sokoni. Ile ya Ayalandi ndiyo hasa yenye maana ya ukoo. Zamani iliandikwa ua, maana yake mjukuu au mzao. Baadaye ikawa Ó. Ó Briain ni mzao wa Brian. Mac ni mwana. Majina ya namna hii ni ya zamani sana: mtu mmoja wa ukoo wa Ó Cléirigh ametajwa katika kumbukumbu zao kuwa alikufa mwaka 916. Tena katika lugha yao yenyewe hakuna kialama baada ya O. Kuna mkwaju mdogo juu yake, kuonyesha kuwa sauti ivutwe. Kile kialama cha pembeni ni mwandiko wa Kiingereza. Kwa hiyo aandikaye O'Kello hakumwiga Mwayalandi. Amemwiga karani wa Mwingereza.

Nami nataka wenzangu wajue yaliyoipata herufi hiyo huko kwao. Mwaka 1465, katika enzi ya mfalme Edward wa 4, ilitungwa sheria iliyowataka Waayalandi waliokaa katika wilaya nne zilizoshikwa na Waingereza, nazo ni Dublin, Meath, Louth na Kildare, wachukue majina ya Kiingereza. Waliamriwa wajiite kwa mji, au kwa rangi kama White na Brown, au kwa kazi kama Smith na Cook. Na asiyetii anyang'anywe mali yake. Baadaye, katika karne ya 17, wakuu wa Kiayalandi waliposhindwa vitani na ardhi yao ikatwaliwa, O na Mac zilianza kuanguka nchi nzima, maana mwenye jina la kienyeji hakuwa na heshima mbele ya mwenye nchi wala mbele ya hakimu. Ó Ceallaigh akawa Kelly. Ó Súilleabháin akawa Sullivan. Ó Murchadha akawa Murphy. Mac Gabhann, yaani mwana wa mhunzi, akawa Smith kabisa, kana kwamba hakuzaliwa kwao.

Yakapita hivyo mpaka mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1893 kikaanzishwa chama cha kuifufua lugha ya Kiayalandi, na mmoja wa waanzilishi wake, Douglas Hyde, ndiye aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa nchi hiyo mwaka 1938. Katika uamsho ule watu wengi walianza kuirudisha O mbele ya majina yao. Sullivan mmoja mmoja akawa O'Sullivan tena. Lakini si wote walioweza. Murphy ndilo jina lenye watu wengi kuliko yote katika Ayalandi, na karibu wote mpaka leo hawana O. Kitu kikitupwa katika siku moja ya hofu, miaka mia tatu haitoshi kukiokota chote.

Yuko mtu mmoja ambaye ndani yake O hizi mbili zimekutana. Barack Obama, aliyekuwa rais wa Marekani tangu 2009 mpaka 2017, ana O ya Kijaluo iliyotoka Kogelo, katika Siaya ya Kenya. Upande wa mama yake alikuwamo mzee mmoja, Falmouth Kearney, aliyeondoka kijiji cha Moneygall katika Ayalandi mwaka 1850 akaenda Marekani. Tarehe 23 Mei 2011 Obama alikitembelea kijiji hicho, na siku ile ile akawatania watu wa Dublin kwamba amekuja kukitafuta kile kialama cha juu kilichopotea katika jina lake. Watu walicheka sana. Lakini mwenye kufikiri aone: Kearney kwa Kiayalandi ni Ó Cearnaigh. Mzee yule alikwenda Marekani hana O, ilikwisha katwa. Ile iliyofika mpaka katika kiti cha urais ni O ya wachungaji na wakulima wa ziwa letu la Nyanza, ambayo hakuna aliyeona haya kuiandika.

Sasa mrudie ndugu yetu Brian Kevin. Brian ni jina la mfalme wa Ayalandi aliyeuawa vitani Clontarf mwaka 1014, na koo za O'Brien hujitaja kuwa wazao wake. Kevin ni mtakatifu wa Ayalandi. Sisi wa Uganda twamjua Mama Kevina, mtawa aliyezaliwa Ayalandi mwaka 1875 kwa jina la Teresa Kearney. Alifika Nsambya mwaka 1903, akawauguza watu wetu kwa zaidi ya miaka arobaini, na mwili wake umezikwa Nkokonjeru. Majina hayo ni mema, nami simkatazi mtu jina lake la ubatizo. Lakini angalia mambo yalivyopinduka: Waayalandi walinyang'anywa majina yao kwa sheria na kwa njaa, nao wakapigania kuyarudisha, mvulana wetu hakunyang'anywa na mtu yeyote, yeye mwenyewe huitupa O yake kwa hiari ili apate nafasi ya kuweka majina mawili ya watu waliolia kwa kupoteza O yao. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Huyu ni mtumwa asiye na bwana.

Najua watakaonipinga. Mmoja atasema: "Jina la nyumbani huleta ukabila. Watu wakiona O hujua utokako." Neno hili si la kudharau, nami nalijibu kwa adabu. Idi Amin alipomwangusha Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, askari wengi wa Kiacholi na Kilango waliuawa kambini mwaka ule ule, na inasimuliwa mpaka leo kwamba kuwa na jina la O kulitosha kumtia mtu mashakani. Wazee wetu wanakumbuka. Baba aliyeificha O ya mwanawe siku zile ili mwana apone, mimi simlaumu. Uhai ni bora kuliko herufi, na herufi hungoja. Lakini siku zile zimepita, na kosa halikuwa la herufi. Mwuaji angekosa O angetafuta kovu la usoni, au matamshi, au meno yaliyong'olewa. Ukabila hauondoki kwa watu kujificha majina. Huondoka watu wakiweza kuyasema majina yao kwa sauti mbele ya jirani, naye jirani akaitika kwa jina lake. Darasa ambalo Okoth na Wafula wanajua kwamba wote wawili ni watoto wa mvua limeshinda ukabila kuliko darasa la Brian kumi.

Mwingine atasema: "Jina fupi ni rahisi kwa wageni." Huyu sitamjibu kwa maneno mengi. Sisi hapa tumepata taabu na jina la Shakespeare tangu kidato cha kwanza, wala sijasikia mtu akiomba likatwe.

Limebaki neno juu ya dada zetu, nami nalishika kuwa ndilo zito kuliko yote, ingawa shule yetu ni ya wavulana. Fomu za siku hizi hutaka jina la ukoo, na mara nyingi jina la baba ndilo liandikwalo mahali hapo. Kwa mvulana hasara si kubwa: Okoth mwana wa Okello akiitwa Okello, angalau ameitwa kwa jina la mwanamume. Lakini msichana aliyepewa jina la Akoth na bibi yake hufika shuleni akaitwa Okello kila asubuhi mpaka amalize masomo, na ile Akoth hufupishwa ikawa herufi moja na nukta. Mvua iliyonyesha siku aliyozaliwa imefutwa. Hata Waayalandi walitunza jambo hili katika lugha yao: mwana wa kiume ni Ó Briain, bali binti ni Ní Bhriain. Waingereza walipoandika kwa Kiingereza, wote wakawa O'Brien, na mabinti wakamezwa ndani ya O ya wazee wao. Sisi tusifanye hivyo kwa mikono yetu wenyewe. Watu wanaposikia Obama humwaza mwanamume. Lakini dada yake aliyeandika kitabu na kufanya kazi ya kusaidia vijana huko Siaya ni Auma Obama, na anajulikana kwa jina hilo kamili. Mwandishi wa Kenya, Grace Ogot, alikuwa Akinyi, binti wa asubuhi, kabla hajawa mke wa Ogot. Kubeba jina la baba au la mume si aibu hata kidogo. Aibu ni kulibeba hata la kwako likakosa mahali.

Kwa hiyo nashauri mambo manne, nayo hayana gharama.

Mwanafunzi ajazaye fomu aandike jina la nyumbani kamili, kama lilivyotoka kinywani mwa wazazi, karibu na jina lake la ubatizo. Asiikate O, wala asiitie kialama isipokuwa kuna kitu kilichomezwa, kama katika p'Bitek.

Kila mmoja amwulize mama yake au bibi yake, wakati wa likizo, kwa nini aliitwa hivyo. Wengine wataambiwa habari ya mvua, wengine ya njaa, wengine ya ndugu aliyekufa. Asiyeuliza sasa atakuja kutaka kuuliza siku ambayo hakuna wa kumjibu.

Wenye dada shuleni wawaambie waandike jina lao la A kwa ukamilifu, lisiwe herufi na nukta. Na sisi tukiwaandikia barua, tuandike Akoth juu ya bahasha.

La mwisho nalielekeza kwa wanafunzi wa zamani wasomao gazeti hili. Wengi wenu mmekuwa walimu, makarani, mapadre na waganga. Ninyi ndio mshikao kalamu siku mtoto anapoandikishwa hospitalini, kanisani au shuleni. Mama akija na mtoto akasema jina lake taratibu kwa kuwa anaogopa ofisi, msimharakishe. Mwulizeni ni O au ni A. Yaliyowapata akina Ó Murchadha yalianza mezani pa karani aliyekuwa na haraka, au aliyedharau, na wajukuu wa wajukuu wao hawajaweza kuyatengeneza.

Haya ndiyo maoni yangu. Mwenye mengine na aandike katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa furaha. Ila atie sahihi kwa jina lake lote.